Bilauri ya Maji Juu ya Mashine

Mtoni, Dar es Salaam
6 Machi 1955

Kwa Mjomba wangu mpendwa, Nassibu,

Leo ni Jumapili tarehe sita Machi, na kabla sijaandika lolote nimejiahidi kwamba nitakueleza yote, bila kuficha wala kupunguza. Mwalimu Avelina, anayetufundisha darasa la saba, anasema mtu aliye mbali hana macho ila yale anayoandikiwa.

Shikamoo. Sisi sote tu wazima. Mama yako, Bibi Mwanaheri, magoti yanamsumbua asubuhi tu; ikifika saa nne anakwenda sokoni mwenyewe na kurudi akilalamikia nazi. Mama hajambo, anakusalimu sana. Habari kubwa ni ya Dada Mwanaasha: ameposwa. Mchumba wake anaitwa Mwinjuma, karani wa bandarini, mpole, anacheka akiwa ameficha meno. Harusi itakuwa mwezi wa mfungo sita, Alhamisi ya tarehe ishirini Oktoba.

Sasa jambo lenyewe. Unajua Baba anakodisha karabai tangu mimi sijazaliwa. Anazo kumi na nne, na hakuna harusi wala maulidi hapa Mtoni ambayo hajaining'inizia taa kwa mkono wake. Lakini mwaka jana Bwana Projestus, mtu wa Bukoba anayekaa Buguruni, alinunua mashine ya umeme inayokula petroli. Ana globu kumi na kipaza sauti, na watu wa huku wameanza kumfuata. Juzi wazee wa Mwinjuma walikuja kupanga mambo ya harusi, na mmoja akauliza, bila ubaya wowote, "Na taa je, tumwambie yule wa Buguruni?"

Baba aliweka kikombe chini. "Mwanangu mie aolewe kwa taa za mtu mwingine?"

Tangu siku hiyo anasema atanunua mashine yake. Bwana Albano, yule Mgoa mwenye duka la mashine mjini, anazo mbili. Moja ni kubwa, ya kijani, ilikuwa ya jeshi, hubebwa na watu wanne kwa miti. Nyingine ni ndogo, mpya, watu wawili wanaiweza. Baba moyo wake uko kwenye ya kijani. Ili kuipata itabidi auze karabai zote kumi na nne, kwa hiyo akikosea hatakuwa na mashine wala karabai, na harusi ya Dada itakuwa ya mbalamwezi.

Bibi hasemi na Baba moja kwa moja, unajua heshima ya mkwe. Alisimama nyuma ya mlango akaniambia mimi, ingawa Baba alikuwa hatua tatu tu, "Tunu, mwambie baba yako lile dude la kijani litakunywa petroli kama ngamia."

Baba akanijibu mimi, "Tunu, mwambie bibi yako ngamia hubeba mzigo mkubwa."

Kitabu cha mashine ni cha Kiingereza, kwa hiyo mimi ndiye nitakayekisoma. Nafurahi sana kwa hilo, ila sijamwambia mtu. Baba anasema: "Mwandikie Nassibu aje aisikilize. Yule alipokuwa mtoto akitaja lori la nani linakuja barabara ya Kilwa kabla halijafika kwenye kona. Tulimwita Sikio."

Je, utakuja, Mjomba?

Mpwa wako,
Tunu binti Mwinshehe

*

Karakana ya Mitambo, Nachingwea
3 Aprili 1955

Mpwa wangu Tunu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa imelowa pembeni, lakini wino wako ni mzuri, haukukimbia. Mimi ni mzima. Mvua ya huku imetufungia ndani, matrekta yanazama mpaka mhimili, na sisi mafundi tunashinda tukiyafungua na kuyafunga tu. Mpongeze Mwanaasha. Mwambie nimefurahi mpaka nikajigonga kidole kwa nyundo.

Shemeji Mwinshehe nampa pole na pongezi pamoja. Msomee haya polepole.

Watu wa karabai hukosea jambo moja. Karabai moja ikizimika zinabaki kumi na tatu. Mashine ikizimika hakuna kinachobaki. Kwa hiyo asiuze zote. Nasema tena, asiuze zote.

Pili, ukubwa haupimwi kwa idadi ya watu wanaobeba. Kila globu imeandikwa wati zake. Globu kumi na mbili za wati sitini ni mia saba na ishirini. Ongeza kipaza sauti, tuseme mia na hamsini. Jumla haifiki mia tisa. Mashine isikimbizwe mpaka mwisho wa nguvu zake, kwa hiyo itafutwe ya wati elfu moja na zaidi kidogo, basi. Hiyo ya kijani nadhani ni elfu tatu. Itaunguza petroli nyingi hata ikiwa na kazi ndogo, na Mama amesema kweli kuhusu ngamia.

Tatu, kabla mashine haijawashwa, mguse ubavu wake kwa kiganja. Ikiwa ya moto, muuzaji ameshaipasha, nanyi subirini ipoe. Mashine mbovu ikipata joto huonekana nzima. Nne, mtazame moshi. Ukiwa wa buluu, inakula oili. Tano, nendeni na bilauri ya maji, nusu. Iweke juu ya tangi ikishawashwa, huku umeishika chini kwa vidole viwili. Maji yakifanya viduara vidogo vinavyolingana, mashine ni nzima. Yakiruka, yakatulia, yakaruka tena, ina mapigo yanayopotea, iacheni. Na wewe Tunu uishike ncha ya kijiti kwa meno, ncha nyingine iguse chuma. Utajua tumboni mwake kuna nini.

Nibusie Mama mikono. Kazi ni nyingi.

Mjomba wako,
Nassibu

*

Mtoni
12 Juni 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilichukua majuma sita. Barabara ilikatika Rufiji, barua ikaja kwa meli kutoka Lindi, na sisi tulikuwa tumekata tamaa. Mfungo umepita salama, na siku ya Idi Bibi alipika maandazi mengi kuliko watu. Anauliza kama kule mnapata maandazi. Kornelio, dereva wa lori lenye turubai la buluu, yule anayekwenda kusini kila kiangazi, atakuletea yaliyokaushwa njia ikifunguka.

Nilimsomea Baba barua yako mara tatu. Mara ya tatu alichukua makaa akaandika 900 ukutani, Mama akamgombeza kwa ukuta wake.

Jumamosi iliyopita tulikwenda mjini. Baba alivaa koti lake la Ijumaa, mimi nilibeba bilauri ndani ya kikapu, imefungwa kwa kanga. Bwana Albano alipoiona akasema, "Mzee Mwinshehe, mmekuja kununua mashine au kunywa maji?"

"Maji si yetu," Baba akasema. "Ni ya mashine."

Kisha akaweka kiganja kwenye ubavu wa ile ya kijani, akakiondoa haraka. "Bwana Albano, hii imelala au imetoka safari?"

Bwana Albano akacheka mpaka miwani ikateleza. "Nimeiamsha kidogo tu, isione haya mbele ya wageni."

"Basi tutangoja ilale tena."

Tulikaa kwenye ngazi ya duka saa mbili nzima, tukala mihogo ya kuchoma. Nilikuwa na furaha siwezi kueleza. Baba alinieleza habari za kila karabai yake, ipi alinunua kwa nani, ipi iliwaka siku niliyozaliwa. Ile ya kijani ilipopoa, kamba ilivutwa mara kumi na moja. Moshi ulikuwa wa buluu kama kanga ya Mama. Maji kwenye bilauri yaliruka, yakatulia, yakaruka, yakanimwagikia mkono. Ile ndogo ilivutwa mara tatu tu, na maji yakafanya viduara vidogo, kimoja nyuma ya kingine mpaka ukingoni, sawasawa. Nilishika kijiti kwa meno kama ulivyosema, Bwana Albano akaita watu wa duka jirani waje waone.

Lakini Baba bado anaitazama ya kijani. "Ile ina kifua," anasema. Na kweli, hii ndogo ina sauti kali, kama cherehani iliyokasirika. Mwisho Bwana Albano amekubali kutuazima ndogo kwa majaribio, Jumamosi ya tarehe mbili Julai, kwenye maulidi ya akika ya mtoto wa jirani yetu. Ikifaa, Baba atainunua. Isipofaa atachukua ya kijani na kuuza karabai zote.

Baba anasema bado angependa uje uisikilize mwenyewe. Bibi anasema miaka sita ni mingi. Hukunijibu kuhusu kuja, au karatasi iliisha?

Tunu

*

Nachingwea
26 Juni 1955

Mpwa wangu Tunu,

Marahaba. Njia imefunguka, barua yako imefika kwa siku tisa. Kikapu cha maandazi kimefika pia, wenzangu wameyamaliza kabla sijanawa mikono.

Ndogo ndiyo yenu. Nimesema. Ila tarehe mbili iko karibu na barua hii inaweza kuchelewa, kwa hiyo naandika upesi lililo kubwa. Mashine isiwashwe ndani ya nyumba, wala ukumbini, wala ndani ya uzio wa makuti uliozibwa. Huku tulikuwa na mwenzetu, Ansbert, kijana mzuri sana. Usiku wa mvua alivuta mashine ndani ya kibanda isilowe, akafunga mlango, akalala karibu nayo. Ule moshi usioonekana ndio uliomwua. Asubuhi tulimkuta kama mtu aliyelala tu. Sikupenda kumwandikia mtoto jambo hili, lakini wewe ndiye msomaji wa mashine.

Na isifunikwe kwa kitu chochote. Inapoa kwa upepo. Inahitaji upepo kama wewe unavyohitaji.

Waya uwe mnene, mashine ikae mbali, upande ambao upepo unatoka kwenu kwenda kwake.

Nimempa Kornelio korosho za Mama, mfuko mmoja.

Nassibu

*

Mtoni
3 Julai 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Sote tu wazima wa mwili, ila nyumba imenyamaza. Nakuandikia nikiwa na haraka kwa sababu tunahitaji jibu lako kuliko siku zote.

Jana yalikuwa maulidi ya akika. Baba aliiweka mashine nyuma ya jiko la jirani, akafunga globu kumi na mbili. Baada ya sala ya magharibi akavuta kamba, mara ya pili tu ikawaka, na ua wote ukawa mchana. Watoto walipiga kelele. Dada Mwanaasha alinishika mkono akanong'ona, "Tunu, ndivyo itakavyokuwa yangu." Baba alisimama mikono nyuma, akijifanya hajali.

Msomaji wa maulidi akaanza. Hakufika mbali. Akashusha kitabu akasema, "Bwana Mwinshehe, tuelewane. Ni mashine yako inayosoma au ni sisi?"

Watu walicheka, Baba naye akacheka, lakini aliigeukia mashine kabla kicheko hakijaisha. Ndipo mtu mmoja akatoa shauri kwamba ifunikwe godoro la sufi, sauti ipungue. Likaletwa godoro. Sauti ikapungua kweli. Bibi alisema hata dufu la nyuma sasa analisikia, na msomaji akamwinulia Baba mkono kwa shukrani. Tulikuwa na furaha ya nusu saa.

Kisha taa zikawa nyekundu. Ikaja harufu ya kitambaa kinachoungua. Baba alikimbia, akavuta godoro, na mashine ikatoa mlio mmoja mrefu na kusimama. Giza. Hakuna aliyecheka.

Alikuja nyumbani, akachukua karabai, na kabla kasida moja haijaisha saba zilikuwa zinawaka. Maulidi yakaisha vizuri. Lakini mashine iko barazani kwetu na kamba haivutiki hata kidogo, imeganda. Si yetu, ni ya Bwana Albano. Ikiwa imekufa, Baba atailipa kwa karabai, na harusi ya Dada itakosa zote mbili.

Leo asubuhi Bwana Projestus alikuja kutoka Buguruni kwa baiskeli. Tulidhani amekuja kucheka. Akakaa chini, akasema, "Pole, Bwana Mwinshehe. Mie yangu ya kwanza ilipopata moto niliimwagia maji. Ikapasuka kama chungu. Wewe usifanye." Akanywa chai akaondoka. Baba alimtazama mpaka akapotea.

Baba amekataza mtu kuigusa mpaka ujibu. Lakini anasema: "Angekuwapo Nassibu angeweka sikio tu, angejua." Tufanye nini?

Tunu

*

Nachingwea
14 Julai 1955

Mpwa wangu Tunu,

Marahaba. Barua zetu zimepishana njiani, naona. Mngepata yangu siku chache mapema pasingekuwa na godoro.

Kwanza, mmefanya vema kutoigusa. Projestus ni mtu mwema, na Shemeji amshukuru. Sasa fanyeni hivi, mpangilio huu huu. Fungua plagi, ile kofia ndogo iliyo juu kichwani. Kwenye tundu lake mimina kijiko kimoja cha oili safi. Acheni usiku mzima. Asubuhi Shemeji ashike gurudumu la kamba kwa mikono miwili, azungushe polepole, mbele kidogo na nyuma kidogo, kama anayefungua mfuniko wa chupa uliokaza. Asilazimishe. Ikiachia, mwage oili yote ya zamani, utaiona nyeusi inanuka kuungua, tia mpya. Safisha plagi. Kisha ivute. Iache ifanye kazi saa nzima bila globu hata moja, kisha weka bilauri. Maji yatakuambia.

Isipoachia, niandikie, nitatafuta njia.

Kelele zina dawa yake. Ichimbieni shimo la kina cha goti, mbali, nyuma ya ukuta wa udongo. Juu iwe wazi kabisa. Ukuta utazuia kelele, na upepo utapita.

Huyo mtu mmoja wa godoro usimseme vibaya. Alitaka maulidi yasikike.

Nassibu

*

Mtoni
14 Agosti 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Imeachia!

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Baba alizungusha mbele kidogo na nyuma kidogo, jasho likimdondoka puani, sote tumemzunguka. Bibi nyuma ya mlango akasema, "Tunu, mwambie baba yako asome bismillahi." Baba akasema, "Tunu, mwambie bibi yako nimeshasoma tatu." Halafu kukawa na kishindo kidogo, kama kifundo cha kidole, na gurudumu likazunguka lote. Dada Mwanaasha alilia. Nami nilivuta kamba, Mjomba. Baba alinipa mimi kamba. Mara ya tano ikawaka, na maji kwenye bilauri yalikuwa na viduara vile vile.

Baba aliirudisha kwa Bwana Albano na kumweleza kila kitu, hata godoro. Bwana Albano akaiwasha, akaingia ndani, akatoka na bilauri yake mwenyewe! Alipoona maji akasema ataichukua bila neno, na ya kijani bado ipo. Baba akajibu, "Hapana. Hii nimeiumiza nikaiponya, naijua. Ile siijui." Basi imenunuliwa. Ameuza karabai sita tu, nane zinabaki. Anasema watakaoziona siku ya harusi zimepangwa mstari nyuma ya taa za umeme watamwona mwoga, na yeye hajali. Shimo lako limechimbwa nyuma ya ukuta wa jirani, na msomaji wa maulidi alikuja kujaribu sauti, akaridhika.

Sasa ahadi yangu ya mwezi wa tatu. Nilisema nitaeleza yote na sikueleza. Mtu mmoja wa godoro ni mimi. Niliona msomaji anamwaibisha Baba, nikakimbilia chumbani. Juzi nilimwambia Baba. Akasema, "Nilijua. Godoro ni lako." Na Bibi nyuma ya mlango, "Unalala kwenye mkeka tangu Julai, nani asijue?" Wote walijua, walikuwa wakiningoja.

Kwa kuwa nimesema langu, naomba ruhusa niulize lako. Nimezisoma upya barua zako zote. Umeniambia niguse, nitazame, nishike kwa meno. Hakuna mahali hata pamoja ulipoandika nisikilize. Na Kornelio alipoleta barua yako alikaa kunywa maji, akasema, "Mjomba wako siku hizi ana maringo. Nilimwita mara tatu pale karakana, hakugeuka mpaka nilipomgusa bega." Kila mtu alicheka. Mimi sikucheka.

Mjomba, kuna nini?

Tunu

*

Nachingwea
4 Septemba 1955

Mpwa wangu Tunu,

Marahaba. Nimekaa na barua yako siku sita mfukoni.

Una akili ya kufungua mashine. Sitakudanganya wewe. Sikio moja limezimika tangu mwaka wa hamsini. La pili lipo, lakini linamsikia tu mtu aliye karibu, anayetamka vizuri, wala pasiwe na kelele nyingine. Ni miaka ya kukaa kati ya injini kubwa, hapa kila fundi mzee yuko hivyo. Kazi naiweza, pengine vizuri kuliko zamani. Vidole vyangu vimejifunza, na bilauri sijaisoma kwenye kitabu chochote, niliianza mwenyewe siku niliposhindwa kuisikia mashine.

Lakini nyumbani mimi ni Sikio. Wazee wa Mtoni watasema, "Haya Sikio, lori gani lile?" Niseme nini? Na Mama sauti yake ni ndogo, daima ilikuwa ndogo. Naogopa atanieleza jambo la miaka sita nami nimwitikie kitu kingine, auone uso wangu. Ndiyo sababu kazi ilikuwa nyingi.

Ukiona vema, msomee Mama mistari hii. Ukiona si vema, iruke.

Likizo ninayo. Kornelio anapanda kuja huko tarehe kumi na sita Oktoba. Ana nafasi moja mbele. Sijamwambia ndiyo wala hapana. Kilemba cha mjomba kinaweza kumngoja mjomba, nadhani.

Nimefurahi sana kwamba uliivuta kamba wewe.

Nassibu

*

Mtoni
18 Septemba 1955

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Nitaanza na Bibi, salamu nyingine zitafuata nyuma.

Unajua barua zako zote namsomea Bibi, neno kwa neno, ameketi kwenye kigoda anachambua mchele. Nilipofika kwenye mistari yako nilisita. Bibi hakuinua kichwa. "Mbona umenyamaza? Soma."

Nikasoma. Mkono wake ulisimama juu ya ungo, na nikaona machozi yakidondoka kwenye mchele. Nilipomaliza akaweka ungo chini. Kisha akainuka, akaenda mpaka mlangoni na, Mjomba, akapaza sauti ambayo sijapata kuisikia maishani mwangu, jirani akatoka kuuliza kuna nini: "TUNU, MWAMBIE BABA YAKO MIAKA ISHIRINI NIMESEMA POLEPOLE KWA HESHIMA YA MKWE. SASA BASI. MWANANGU ANAKUJA, NITASEMA KWA SAUTI!"

Baba aliangusha koleo. Akasema, "Tunu, mwambie bibi yako nimesikia."

Mama alicheka mpaka akalia, au alilia mpaka akacheka. Kisha Baba akakaa karibu na mashine, akanieleza alivyopanga, niandike. Hatakuweka mbele pamoja na wazee wanaopenda kuuliza habari za malori. Fundi wa mashine ni wewe. Kiti chako kitakuwa kando ya ukuta wa udongo, upande wa huku ambako kelele haifiki, hatua chache tu kutoka kwenye mashine, mahali unapoweza kuona bwana na bibi harusi kwa taa zote kumi na mbili. Watakuja wao kwako kukuvalisha kilemba, si wewe kwenda kwao. Dada Mwanaasha amekubali, anasema hataondoka nyumbani bila mjomba wake kuvaa kilemba. Bwana Projestus ameomba aje siku hiyo akuone, anataka kujua habari za bilauri. Nami nimepewa kazi ya kutazama maji mpaka mwisho wa harusi. Kitabu cha Kiingereza ni changu sasa, Baba ameandika jina langu ndani.

Kornelio alipita hapa jana. Nimemwambia akuwekee ile nafasi ya mbele, na akiita usipogeuka akuguse bega, si maringo.

Kimebaki kitu kimoja tu. Kiti cha Bibi kitakuwa kimegusana na chako, ili aseme nawe jioni yote, lakini hatujui kikae upande wako upi, na Baba hachimbii nguzo za taa mpaka ajue. Hukutuandikia, nami sitaki kubahatisha.

Mjomba, nijibu kwa lori la kwanza: sikio linalosikia ni la kulia au la kushoto?

Mpwa wako,
Tunu